Makaa Juu ya Kifuniko

Mara ya kwanza kuziona niliziita kwa jina la nyumbani. Ilikuwa Agosti, nina wiki chache tu tangu nifike Portland, jimbo la Oregon, natembea kwenda kituo cha basi. Kando ya uzio wa reli palikuwa na kichaka kilichopanda kupita kimo changu, kimejaa vitunda vya punje punje: vingine kijani, vingine vyekundu, na vingi vyeusi vilivyoiva hadi vinaning'inia. Nikasema kwa sauti, wala hapakuwa na mtu wa kunisikia: forosadi! Nikapeleka mkono, nikapokewa na mwiba.

Mforosadi wa uani kwetu Tanga hauna mwiba hata mmoja. Adhabu yake ni madoa tu. Tulikuwa tukirudi ndani na midomo ya zambarau na mashati yasiyofulika tena, na mama anajua tulikotoka kabla hatujafungua kinywa. Hiki cha huku kilikuwa kitu kingine, ingawa ukiweka punje moja ya kule na moja ya huku kwenye kiganja, asiyejua atashindwa kuzitenga. Wenyewe huita blackberry. Mimi nimezoea kusema blakiberi. Forosadi ni tunda la mti, na ukilichuma linakuja na kikonyo chake cha kijani. Blakiberi huzaliwa kwenye fito ndefu zenye miiba, na huchomoka bila kikonyo, kiini chake cheupe kikiwa ndani. Ndugu yake rasiberi huacha kiini mtini, ndiyo maana iko wazi katikati kama kastabini ya fundi cherehani.

Jirani yangu ndiye aliyeniambia kwamba ya njiani hayana mwenyewe. Ni mwanamke wa Kimarekani Mweusi, wakati ule anakaribia miaka themanini, anaishi peke yake katika nyumba yenye ua mpana nyuma. Nilimweleza kwamba kwetu mtu wa umri wake hatumwiti kwa jina, tunasema bibi. Akauliza maana yake, nikampa, na tangu siku hiyo nikimwita vingine haitiki. Aliuona mkono wangu una michirizi, akaingia ndani, akatoka na ndoo ndogo ya plastiki iliyopitishwa mkanda wa suruali kwenye mpini. Akanifunga kiunoni. Mikono yote miwili lazima iwe huru, alisema: mmoja wa kushika ufito, mwingine wa kuchuma.

Kichaka chenyewe nacho ni mhamiaji. Mwaka 1885 Luther Burbank, mkulima mashuhuri wa California aliyetumia maisha yake kuzalisha mimea mipya, alipata mbegu alizoamini zimetoka India. Matunda yake yalikuwa makubwa kuliko yote aliyoyajua, akauza miche kwa jina la Himalayan Giant. Asili yake halisi ni Armenia na nchi za jirani, na wataalamu wa mimea wameliweka hilo sawa kwa kuiita Rubus armeniacus, lakini mitaani watu bado wanasema Himalaya. Ilitoroka mashambani zamani. Ncha ya ufito ikiinama na kugusa udongo huota mizizi, ikawa mche mpya, na hivyo ndivyo imeshika kingo za mito, reli na kila kiwanja kilichoachwa. Serikali ya Oregon imeiweka kwenye orodha ya magugu. Mwezi Agosti, gugu hilo hulisha mtu yeyote mwenye ndoo.

Blakiberi ya wenyeji wa asili wa pwani ile ya magharibi ni ndogo, hutambaa chini, na utamu wake umekolea, ila kujaza kikombe kimoja ni kazi ya asubuhi nzima. Kati ya damu hiyo na nyingine za kuletwa ndipo ilipotoka marionberry, fahari ya jimbo: mtaalamu wa serikali George Waldo aliichanganya kutokana na aina mbili zilizoitwa Chehalem na Olallie, ikajaribiwa katika wilaya ya Marion, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1956. Mwaka 2017 bunge la Oregon likatangaza pai ya marionberry kuwa pai rasmi ya jimbo. Huwa naifuata Julai katika mashamba ya Sauvie Island, ambako unalipa kwa uzito wa ulichochuma kwa mkono wako. Ni tunda zuri sana. Hata hivyo kwa kobla, kile chakula cha matunda yaliyookwa chini ya kinyunya, naipenda ile ya porini, kwa sababu ya ukali wake. Tunda tamu tupu likikutana na sukari linapoa, halina la kusema.

Kuchuma kuna elimu yake, na Bibi alinipa yote kwa siku moja. Nenda asubuhi kabla jua halijachemsha matunda. Vaa mikono mirefu na suruali nzito hata kama kuna joto la nyuzi 30. Usichume kando ya barabara kubwa, maana watu wa barabara hupulizia dawa za kuua magugu. Na usidanganywe na mng'ao: punje nyeusi inayong'aa bado chachu. Iliyoiva barabara imepoteza mng'ao, imekuwa nyeusi ya kufifia, na ukiigusa inajiachia yenyewe mkononi. Ukihitaji kuvuta, iache mpaka kesho. Mama yangu, nilipompigia simu ya video nikamwonyesha mikono yangu, alisema neno lile lile alilokuwa akituambia tukitoka kuiba matunda ya watu: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kisha akataka nisogeze simu aione ndoo.

Siku hiyo nilirudi na kilo mbili na ushee. Bibi aliniuliza nitazifanyia nini. Nikamjibu juisi. Alinyamaza kidogo, akasema nije kwake Jumamosi.

Kobla, kwa ambaye hajaila, ni matunda yaliyotiwa sukari na kitu kidogo cha kuyazitisha, yakafunikwa kwa madonge ya kinyunya laini, yakaokwa mpaka rojo lichemke pembeni na madonge yawe ya dhahabu juu. Madonge hayasukumwi kwa mti wala hayakatwi; yanadondoshwa kwa kijiko. Yanavimba yakakaribiana bila kufunika kila mahali, na katikati yake rojo jeusi linachungulia. Wapo wanaosema jina lake limetokana na sura hiyo, kwamba yanafanana na mawe ya mviringo yaliyotandazwa barabarani, ambayo kwa Kiingereza yana jina la kufanana nalo. Linaliwa la vuguvugu kwa kijiko kutoka bakulini, pamoja na aiskrimu ya vanila au maziwa baridi. Linapopita kinywani kuna joto, ubaridi, uchachu, na chini ya kile kinyunya kuna sehemu iliyokunywa rojo ikawa nusu mkate na nusu tunda. Sehemu hiyo ndiyo watu huigombea. Mimi pia.

Wiki iliyofuata nikajaribu mwenyewe jikoni kwangu, nikafuata alichofanya yeye hatua kwa hatua, au ndivyo nilivyodhani. Juu paliiva vizuri, rangi nzuri, harufu imejaa nyumba. Nilipochota, chini ya kila donge palikuwa na unga mbichi, mweupe, unaonata kama ugali ambao haujasongwa ukaisha. Nilikuwa nimewaalika watu wawili. Tulikula ya juu, tukaacha ya chini, na usiku huo sikulala vizuri, kwa sababu matunda yale niliyachuma mwenyewe na yaliniumiza mikono.

Bibi aliniuliza swali moja tu: "Unga ulipokutana na matunda, matunda yalikuwa ya moto?"

Hayakuwa. Nilikuwa nimeyatoa kwenye friji, nikayachanganya na sukari, nikadondosha madonge juu, nikaingiza vyote pamoja. Sasa naelewa kilichotokea. Donge lina moto upande wa juu tu. Upande wa chini limekalia kitu baridi chenye maji, na kabla kitu hicho hakijachemka, baking poda imeshamaliza nguvu zake na ngozi ya juu imeshakauka. Kumbe pale kwake nilikuwa nimegeuka kutafuta vijiko wakati yeye anatanguliza bakuli la matunda matupu ndani ya oveni. Jambo kubwa kuliko yote katika chakula hiki lilifanyika nyuma ya mgongo wangu.

Alipoona sijaridhika na maelezo alisema: "Basi nitakuonyesha jinsi mama yangu alivyokuwa akiipika, utaelewa moto unakwenda wapi."

Alinituma ghala ya nyuma nikatoe chungu cha chuma. Kilikuwa kizito kama mtoto wa miaka miwili, cheusi tii, chenye miguu mitatu mifupi, na kifuniko chake hakikuwa na mviringo wa kawaida. Kilikuwa bapa, kimezungushiwa ukingo uliosimama pande zote kama sinia. Nikauliza ukingo ule wa nini. Akasema: "Wa kuzuia makaa yasimwagike."

Nilisimama nacho pale uani na sikuweza kusema kitu kwa muda.

Kila aliyekulia pwani anaijua kazi hiyo, wala hahitaji kuelezwa. Ni kupalia. Wali umeshakauka maji, nazi imeshashika, mama anapunguza moto chini, anaweka kifuniko cha bati, na juu yake anapanga makaa mekundu kwa koleo. Wali unaiva kwa kushukiwa na moto. Ndivyo ulivyokuwa unaokwa mkate wa kumimina nyumbani kwetu: mchele uliolowekwa na kusagwa kwa tui, hamira na iliki, ukamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa samli, majivu mengi chini ili usiungue, makaa ya vifuu juu. Hatukuwa na oveni. Mtaa mzima haukuwa na oveni. Keki za Idi, mikate ya maulidi, kila kitu chenye uso wa kahawia kilipata kahawia yake kutoka kwenye kifuniko. Nilikuwa nimeiacha kazi hiyo Tanga pamoja na jiko la mkaa, nikaamini ni ya kwetu peke yetu na ya umaskini wetu, na sasa nimesimama Oregon nimeshika kifuniko kilichochongwa kwa ajili yake.

Kobla ilizaliwa hivyo. Watu waliohama kutoka Uingereza kwenda Amerika walizoea pai na vitoweo vya kuokwa kwenye matanuri ya matofali. Huko walikofika, porini, tanuri halikuwepo. Kilichokuwepo ni moto wa kuni na chungu cha chuma cha kusubu, ambacho ufundi wake ulipata msukumo mkubwa mwaka 1707, Mwingereza Abraham Darby alipopewa hati ya kusubu vyungu vya chuma kwa kalibu za mchanga. Kinyunya cha pai kinataka meza, mti wa kusukumia na utulivu. Mwenye chungu tu alitia matunda, akafunika kwa unga kama alivyojaliwa, akapalia makaa. Lettice Bryan wa Kentucky, katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1839, aliieleza ile ya pichi na kukiri kwamba si pai ya kuwapakulia wageni wa heshima, ila kwa familia ni nzuri mno pamoja na maziwa baridi. Miaka michache baadaye maelfu ya familia zilikuwa zinavuka bara kwa mikokoteni ya ng'ombe, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Missouri hadi Oregon, na vyungu hivyo vilikuwa miongoni mwa mizigo yao. Jimbo la Utah limekifanya kuwa chungu chake rasmi tangu 1997. Mimi naona ni haki yake.

Chungu cha Bibi hakikuja na mikokoteni. Mama yake alitoka Arkansas wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yeye na mumewe, kufuata kazi katika viwanda vya kuunda meli vya tajiri Henry Kaiser. Portland haikuwataka Weusi katika mitaa yake mingi, kwa hiyo wengi wao walipata makazi Vanport, mji wa nyumba za mbao uliojengwa haraka mwaka 1942 kwenye bonde kando ya mto Columbia, ukawa kwa muda mfupi mji wa pili kwa ukubwa Oregon. Huko ndiko Bibi alikozaliwa. Arkansas kobla ilikuwa ya pichi. Vanport pichi zilikuwa za kununua, na blakiberi zilikuwa kwenye tuta la reli, bure. Mama yake akabadilisha tunda, akabaki na chungu.

Tarehe 30 Mei 1948, siku ya Jumapili, tuta hilo la reli lilipasuka na mto ukaingia. Ilipofika jioni Vanport haikuwepo, na watu zaidi ya 18,000 hawakuwa na pa kulala. Bibi alikuwa mdogo. Anachokumbuka ni mgongo wa baba yake na viatu vyake vipya vilivyobaki ndani. Chungu kile cha kwanza kilibaki majini. Hiki nilichokishika, mama yake alikinunua baadaye, kabla hajanunua kitanda. Jambo hilo Bibi alilisema kama mtu anayetaja bei ya sukari, akaendelea kuwasha mkaa.

Alipanga makaa kwa kuhesabu. Chungu cha upana wa inchi 12, yaani kama sentimita 30, kinataka makaa kama 25 ya zile tonge za mkaa wa dukani ili kifikie joto la oveni la nyuzi 175: manane chini, kumi na saba juu. Nikamweleza kwamba mama yangu hahesabu ila kipimo chake ni hicho hicho, theluthi chini na theluthi mbili juu, kwa sababu moto wa chini unapanda wenyewe na ndio unaounguza, na wa juu inabidi uusaidie kushuka. Akaniangalia. "Mama yako anaoka nini?" Tukakaa uani mpaka giza, mimi namweleza mkate wa kumimina, yeye anageuza chungu robo duara kila baada ya dakika kumi na kifuniko robo duara upande wa pili, ili pasiwe na mahali palipokaa chini ya kaa moja muda wote.

Hapo ndipo nilipoona moto unakwenda wapi. Matunda yalitangulia chunguni peke yake juu ya makaa ya chini, na sukari na ndimu, mpaka yakaanza kutokota na kutoa povu la waridi. Ndipo akadondosha madonge juu ya kitu kinachochemka. Mvuke ukayapokea kwa chini papo hapo, makaa yakayapokea kwa juu. Unga hauna pa kubaki mbichi.

Vipimo vyangu leo, baada ya majira manne ya Agosti, ni hivi. Kilo moja ya blakiberi nzima nzima, hazioshwi mpaka dakika ya kutumia, kwa kuwa zikilala na maji zinaota ukungu. Sukari gramu 150. Onja kwanza, zikiwa chachu sana ongeza kijiko au viwili, usizidishe. Kornflawa vijiko vitatu vya mezani. Maji ya ndimu kubwa moja na ganda lake la kijani lililokwaruzwa. Chumvi, ncha ya kidole. Changanya, weka kwenye bakuli la oveni, ingiza kwenye moto wa nyuzi 190 kwa dakika 15 hadi 20, mpaka uone linatokota pembeni.

Wakati huo ndipo ninapotengeneza kinyunya, si kabla. Unga wa ngano gramu 200, sukari gramu 50, baking poda vijiko viwili vya chai, magadi soda robo kijiko, chumvi nusu kijiko. Siagi gramu 90 iliyotoka kwenye friza, naikwaruza kwenye kikwaruzo cha karoti moja kwa moja juu ya unga, naichezesha kwa ncha za vidole mpaka ionekane kama makombo ya mkate, na vipande vingine vya ukubwa wa mbaazi viachwe hivyo hivyo. Siagi ikiyeyuka mkononi umeshapoteza. Kinachotakiwa ni iyeyukie motoni, iache vitundu vya mvuke. Mtindi baridi mililita 170, ukiwa mzito ulainishe na maziwa kidogo. Koroga kwa uma mara chache tu, mpaka unga mkavu usionekane, basi. Hapa ndipo sisi tuliozoea kukanda chapati tunapoharibu. Mkono unataka kukanda. Uzuie. Kinyunya kizuri cha kobla kina sura ya kazi iliyoachwa njiani.

Toa bakuli, dondosha madonge manane au tisa, nyunyiza sukari kidogo juu, rudisha kwa dakika 25 hadi 30. Wengi hutoa mapema kwa sababu rangi ya juu imewavutia. Angalia rojo. Kornflawa haizitishi mpaka ifike karibu na kuchemka, kwa hiyo mapovu yaliyo pembeni hayatoshi. Subiri mapovu mazito, ya taratibu, yatokee mpaka katikati kati ya madonge. Kisha iache itulie dakika 40. Ikitoka motoni ni supu. Ikipoa inashika. Naijua tabu ya kusubiri dakika hizo huku nyumba nzima inanukia, lakini ndizo zinazotenganisha kobla na uji wa matunda.

Kuna wanaotengeneza aina nyingine, hasa Kusini: siagi inayeyushwa chunguni, uji mwepesi wa unga, maziwa na sukari unamiminwa juu yake, matunda yanawekwa juu kabisa, na wakati wa kuoka uji unapanda kuyazunguka. Kwa kumimina kwake inaukaribia mkate wetu zaidi. Kwa pichi naipenda. Kwa blakiberi hapana, maji yake ni mengi mno na uji unalemewa.

Desemba iliyofuata nilikwenda nyumbani. Sikubeba chungu, sufuria zipo na bati lipo. Mforosadi wa uani ulikuwa umezaa, watoto wa kaka yangu tayari wana midomo ya zambarau. Tulichuma bakuli mbili kubwa, na jioni ile nikagundua kazi ambayo blakiberi hainipi: kila forosadi ina kikonyo, na kila kikonyo lazima kikatwe kwa mkasi. Tulikaa mkekani wanne tukikata mpaka adhana ya magharibi. Forosadi haina uchachu wa kutosha, nikatia ndimu mbili badala ya moja na kupunguza sukari hadi gramu 100. Siagi kwa joto la Tanga haikubali kukwaruzwa hata dakika moja, kwa hiyo nilikwaruza kwanza, nikarudisha makombo yake kwenye friza ya jirani, nikayatumia mwishoni kabisa.

Mama alikuwa ameshawasha jiko. Nilitaka kumweleza habari ya makaa manane na kumi na saba, akaniambia: "Mwanangu, we leta hiyo sufuria." Alichota majivu akafunika moto wa chini mpaka ukawa mwekundu hafifu. Matunda yakatokota. Nikadondosha madonge. Akafunika bati, akapanga makaa ya vifuu juu yake kwa koleo, pembezoni mengi na katikati machache, kitu ambacho sikuwahi kumuuliza sababu yake miaka yote ya kukua kwangu. Nikamuuliza. Akasema katikati bati linabonyea, liko karibu na chakula, pembeni liko mbali.

Hakutazama saa. Alinusa. Nilipoona ananusa mara ya tatu, akachukua koleo, akaondoa makaa, akafagia majivu kwa kipande cha kumbi, akainua bati polepole kwa upande ili lisidondoshe kitu. Watoto walikuwa wamesimama nyuma yake wakishikana mabega. Madonge yalikuwa ya kahawia kila moja, na kati yake rojo zito linapumua, jeusi lenye wekundu.

Alikula kimya. Akamaliza, akakomba bakuli kwa kidole, kisha akauliza: "Huyo bibi yako hatii iliki?"

Nikasema hatii.

"Kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Siku ya kuondoka alinipa iliki za Amani, kule milima ya Usambara, zilizofungwa kwenye karatasi, robo kilo nzima, akasema si zangu. Nilizitangaza kwa ofisa wa forodha nilipofika Marekani. Alifungua karatasi, akanusa muda mrefu kuliko ilivyolazimu, akanirudishia.

Zilikaa kwenye kopo mpaka Agosti. Tulipochuma ndoo ya kwanza ya mwaka nilitwanga punje za iliki tano, nikazichanganya na sukari ya matunda kabla ya kuyaweka chunguni, Bibi akiniangalia bila kunizuia. Tukapalia, tukasubiri giza liingie. Alipokula kijiko cha kwanza alikiacha mdomoni. Cha pili vile vile. Halafu akasimama, akaingia ndani, akatoka na kadi ya mapishi ya mama yake, karatasi ngumu iliyogeuka rangi ya chai, mwandiko wa wino wa bluu umefifia na madoa ya zambarau kwenye kona. Akaigeuza upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu, akatafuta penseli, akaniuliza linaandikwaje. Nikamsomea herufi moja moja, naye akaziandika kwa herufi kubwa, akazipulizia kama wino ambao haujakauka.